Jina la Marekani, mtutu wa Japani, magazini sijui ya nani: tuzungumzie raifoli za bei nafuu

Mkulima_wa_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mbele yangu mezani kuna mpira wa manati nilioutoa kwenye manati ya mwanangu bila kumuomba. Mpira huo ndio ulionifanya nianzishe huu uzi.

Nina raifoli ya bolti (kile chuma unachovuta kwa mkono kuingiza risasi), makaratasi yake yote yako sawa, nimekaa nayo miaka sita. Jina lililochorwa kwenye mtutu ni kubwa, kila anayejua bunduki analijua, na sitalitaja hapa ili mashabiki wake tusitoane macho. Shamba langu liko Kisarawe. Msimu huu nguruwe pori wamenila mihogo karibu nusu eka, nikaenda kwa afisa wanyamapori, akaja, akaona, kibali kikatoka. Alfajiri moja nimelala nyuma ya kichuguu, nguruwe watatu hao wanatoka kwenye majani, navuta bolti taratibu, mara nasikia "pu" chini ya tumbo langu. Magazini, kile kisanduku cha risasi, imedondoka. Risasi tatu ziko kwenye tope. Nguruwe wakanitazama kidogo kama watu waliofumania kitu, wakaondoka.

Nyumbani niliigeuza magazini chini ya taa. Lile sikio la plastiki linalong'ang'ania kwenye bunduki lina mstari mweupe, mwembamba kama unywele, umelizunguka nusu. Ukilibonyeza kwa kucha linacheza. Basi nikaifunga kwa mpira wa manati. Bunduki niliyoidunduliza miaka miwili, imefungwa mpira kama galoni ya mafuta ya taa!

Duka nililonunulia wakasema spea hamna, "labda mwakani". Nikaandikia kiwanda moja kwa moja. Baada ya siku nne jibu likaja, la heshima kabisa: magazini ya toleo lako ilikuwa inatengenezwa na mkandarasi ambaye hatufanyi naye kazi tena. Toleo jipya linatoka kwa mkandarasi mwingine, na haliingii kwenye bunduki yako mpaka ubadilishe na kikingio cha kifyatulio.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilidhani nimenunua bunduki ya kampuni moja, kumbe nimenunua mkutano. Swali langu kwenu: hivi kutengenezesha vipuri nje na kubandika jina lako ni utapeli, au ndivyo biashara ya bunduki ilivyo na mimi ndiye niliyechelewa kujua?

Bei_Chee

Mkuu umepigwa, kubali tu yaishe. Jina ni mapambo. Siku hizi kampuni ni ofisi yenye nembo, kompyuta mbili na mtu wa kujibu barua pepe.

Zilongwa_Mbali

Mimi hata manati yenyewe sina, niko hapa kujifunza. Endeleeni.

Mkulima_wa_Tabata

Bei_Chee, nilidhani hivyohivyo, nikiwa na hasira. Lakini wiki mbili hizi nimesoma mpaka macho yakauma, na mambo si mepesi hivyo.

Chukua Weatherby Vanguard. Weatherby ni jina la Kimarekani, lilianzia California, sasa wako Sheridan, Wyoming. Vanguard imeanza kuuzwa 1970 na inatengenezwa na Howa, kiwanda cha Japani. Howa huyohuyo anaiuza kwa jina lake, Howa 1500. Turudi nyuma kidogo: Smith & Wesson waliwahi kuiuza kama Model 1500, walipoacha Mossberg wakaipokea. Majina manne, mwanamke mmoja. Na kitu ambacho sikutarajia ni kwamba wanaozitumia wanazisifia. Resiva (ule mwili wa chuma unaobeba bolti) nzito, bolti ya kipande kimoja, inapiga panapotakiwa. Howa hakujificha kwa aibu, alikodiwa kwa sababu anajua kazi.

Ni kama Passo. Nusu ya mtaa wangu wanaendesha Passo na wanasema "mimi natumia Toyota". Imetengenezwa na Daihatsu! Kuna aliyewahi kuishusha barabarani kwa hasira?

Upande wa pili kuna Marlin, zile raifoli za kukokota kwa wenzo ulio chini ya bunduki. Remington waliinunua mwishoni mwa 2007, kiwanda cha zamani cha Connecticut kikaja kufungwa, mashine zikahamishwa, mafundi waliokuwa wanajua kila mashine ina wazimu gani wakabaki nyumbani. Jina likabaki palepale, lakini wenyewe Wamarekani walizilalamikia sana za kipindi hicho, wakazipachika jina la dharau, "Remlin". Remington alipofilisika 2020, Ruger akainunua Marlin, na za kwake zilianza kutoka mwishoni mwa 2021, namba zikianza na herufi RM. Kwa hiyo ukiona ya zamani yenye muhuri mdogo wa JM kwenye mtutu, na nyingine isiyo nao, na nyingine yenye RM, hizo ni bunduki za nyumba tatu tofauti zilizovaa shati moja. Na hapo hakuna aliyekwenda kwa mkandarasi wa nje. Wote walikuwa wenye jina halali!

Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Aliyekodi fundi wa nje katoa kitu kizuri, mwenye jina lake mwenyewe katoa vibovu.

Mzee_Kifimbo

Vijana, mnajadili kama jambo hili limeanza juzi.

Nimebeba bunduki za wageni huko Selous tangu mwaka mmoja baada ya uwindaji kufunguliwa tena 1978 (ulikuwa umefungwa 1973), zamani hizo kabla ya kipande kikubwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nimezifuta, nimezipaka mafuta, nimezilalia kwenye gari zisiibiwe. Mgeni akija na Rigby, kambi nzima inanyamaza. Bunduki ya London ile, bei yake unajenga nyumba. Sasa nenda kamuulize mwenye nayo bolti na resiva vilitoka wapi. Mauser, Oberndorf, Ujerumani. Rigby ndiye aliyekuwa wakala wa Mauser kwa Uingereza tangu 1898, akazileta, akaziwekea mtutu, kitako na jina. Hiyo raifoli yake ya kipimo cha .416, ya 1911, imesimama juu ya chuma cha Mjerumani. Hakuna aliyewahi kusema Rigby ni tapeli.

Birmingham nako hivyohivyo. Kulikuwa na mtaa mzima wa mafundi, huyu anachonga mitutu tu, huyu anakata kufuli za bunduki tu, huyu vitako, huyu kazi yake ni kupeleka vipande kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Anayeandika jina mwishoni ni yule aliyeunganisha na kusimamia. Parker-Hale za Birmingham walizokuwa nazo walimu na mapadri wengi zilikuwa na resiva za Mauser zilizotengenezwa Hispania.

Tena nikuchekeshe. Zile "Brno" tulizoziheshimu sote, ZKK 602 za .375, ambazo mwindaji wa mbogo asiye na hela za Rigby ndiyo kimbilio lake, hazikutengenezwa Brno. Zilitoka Uherský Brod, mji mwingine kabisa wa Ucheki, kiwanda ambacho leo tunakiita CZ. Nimeona moja imeanguka kutoka juu ya gari, imepita gurudumu la nyuma juu ya kitako, kitako kikapasuka, mtutu ukanyooka vilevile kama msahafu. Alasiri yake ikaangusha mbogo.

Mkulima_wa_Tabata

Shikamoo mzee wetu. Hii ya Brno imenimaliza.

Mzee_Kifimbo

Marahaba. Na kifimbo changu ni cha mpingo, kimetengenezwa na mwingine pia.

Fundi_Kereza

Nimesoma kimyakimya, ngoja nami niingie. Mimi si fundi bunduki, na sheria ya 2015 ya silaha haichezewi, bunduki ya mtu siigusi. Niko Gerezani, kazi yangu kukereza shafti na bushi. Lakini chuma ni chuma, na watu wanachanganya mambo.

Kipuri kinaweza kufuliwa, kinaweza kuchongwa kutoka kwenye nondo, kinaweza kusubiwa kwenye kalibu. Kuna na njia ya nne wanaita MIM: unga laini wa chuma unachanganywa na gundi ya nta au plastiki, unasukumwa kwenye kalibu kama wanavyotengeneza ndoo, halafu gundi inaondolewa, kipande kinapikwa tanuruni mpaka unga ushikane. Kinasinyaa hapo kama asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo anayechora kalibu lazima ajue hesabu zake. Vifyatulio vingi, vilimi na vikucha kwenye bunduki za bei nafuu ni vya njia hiyo, na vingi vinatoka kwa makandarasi, kwa sababu tanuru na kalibu ni ghali, kiwanda kimoja kinaona bora amhudumie yule, na yule, na yule.

Ubaya wa MIM si njia yenyewe. Ni kwamba ikikosewa huoni. Kipande kilichosubiwa vibaya mara nyingi utakiona matundu. Cha MIM kikikosewa joto kina vinyweleo ndani, juu kinang'aa vizuri, siku ya siku kinakatika kama biskuti. Kwa kitu kama kifyatulio, kinachokandamizwa, sina shida nacho. Kwa kucha ya kuvutia ganda, inayopindwa na kuachiwa kila risasi, mimi ningetaka chuma kilichochongwa na kupikwa vizuri.

Na kusubu nako msikudharau. Ruger walisubu resiva za raifoli zao za M77 miaka mingi, kwa kalibu ya nta, katika kiwanda chao wenyewe, Pine Tree Castings huko Newport, New Hampshire. Tanuru la kwao lilikuwa zuri kiasi kwamba na kampuni nyingine zilipeleka kazi zao pale.

Kwenye hilo sikio la magazini ya mkuu: plastiki hiyo haikuuawa na mkandarasi peke yake. Kuna jua la Kisarawe, kuna mafuta ya kusafishia yanayolainisha baadhi ya plastiki, kuna magazini inayokaa imejaa risasi wiki nzima. Ulikuwa unaipulizia yale mafuta ya kopo la kufungulia nati?

Mkulima_wa_Tabata

...Ndiyo. Kila Jumapili. Nikidhani naitunza.

Fundi_Kereza

Haya.

Bei_Chee

Sawa, nimewasikia wazee na mafundi. Mimi bado nasema jina linauzwa kwa bei ya uongo. Winchester inaandikwa kwa herufi zilezile za kwenye sinema za wapanda farasi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006. Jina linamilikiwa na Olin, wale wanaotengeneza risasi, wamewakodisha FN wa Ubelgiji. Model 70 ilianza tena South Carolina, tangu 2013 zinaunganishwa Ureno. Zile za kukokota zinatoka Miroku, Japani. Mtu anakuuzia Texas, unapokea Viana na Kochi!

Mzee_Kifimbo

Na Miroku wake ni bora kuliko mengi ya mwisho mwisho ya New Haven. Umezishika, kijana, au umezisoma?

Bei_Chee

Nimezisoma, mzee.

Mzee_Kifimbo

Haya basi, endelea kusoma.

Mama_Chanika

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mwanamke na nina shotigani ya marehemu mume wangu, nimerithi kwa utaratibu. Sasa kuna ndugu anataka kuniachia na raifoli yake, ya mkono wa pili, kabla sijaanza kuzunguka serikali ya mtaa na polisi nataka kujua hiyo bunduki ni ya kweli au ya kubandikwa. Naangalia nini?

Mzee_Kifimbo

Mama, usihangaike na jina lililo kubwa. Tafuta lililo dogo. Omba mwenyewe, mbele yako, afungue na kuhakikisha chemba ni tupu, kisha aliondoe kitako, au angalau muangalie mtutu karibu na resiva kwa tochi. Huko kuna mihuri ya majaribio. Nchi nyingi za Ulaya zina nyumba rasmi inayoijaribu kila bunduki kabla haijauzwa, wanaipiga kwa risasi yenye msukumo wa robo zaidi ya kiwango cha juu. Ikipona inagongwa muhuri. Taji juu ya herufi BNP ni Birmingham. Tai mwenye herufi N chini ni Ujerumani, na akifuatana na pembe ya paa ni mji wa Ulm. Simba anaweza kuwa Mcheki. Muhuri halisi hukuambia ilijaribiwa wapi, hata kama jina juu linasema kwingine.

Marekani hawamo kwenye mkataba wa nchi hizo wa kutambuliana mihuri, viwanda vyao hujipima vyenyewe. Kwa hiyo bunduki ya Kimarekani kukosa mihuri ya serikali si dosari.

Ukikuta herufi zimekaa upogo, N imegeuzwa kinyume, jina la mfalme wa Uingereza limekosewa tahajia, hiyo iweke chini taratibu na usiipige kamwe. Kule Darra Adam Khel, Pakistani, wananakili Lee-Enfield na kila kitu mpaka mihuri, kwa mkono, na chuma wanachokipata. Hiyo ndiyo feki halisi. Hakuna uhusiano na Howa kumtengenezea Weatherby.

Mama_Chanika

Asante sana baba. Tochi ninayo.

Jicho_la_Mbagala

Kwenye feki nina langu. Nilinunua mtandaoni darubini ya bunduki, muuzaji simtaji, imeandikwa Leupold, sanduku zuri, kitambaa cha kufutia, kila kitu. Leupold halisi zinatengenezwa Beaverton, Oregon. Asubuhi ya tatu, Mkuranga, umande ule wa pwani, nikaangalia ndani nikaona ukungu. Ukungu ndani ya kioo! Halafu ule msalaba ukawa unahama kidogo kila nikipiga. Nilipopeleka namba yake kwenye kampuni, wakanijibu haipo kwenye vitabu vyao.

Sasa niliyonayo ni Vortex Crossfire, imeandikwa wazi ubavuni kwamba imetengenezwa China. Vortex ni kampuni ya Wisconsin, na Razor zao nyingi za bei kubwa wanatengenezesha Japani. Hawakunificha. Nimelipa bei ya China nikapata kazi ya China iliyosimamiwa na mtu anayetaka jina lake lisichafuke. Huu mwaka wa tatu, haijaingia ukungu.

Mkulima_wa_Tabata

Umeniwekea sawa kichwani, Jicho. Mimi sina tena hasira na mkandarasi. Nina hasira na kitu kimoja: hakuna aliyeniambia kwamba magazini ya bunduki yangu ina umri wa mkataba wa watu wawili nisiowajua. Mtutu wangu ni mzuri, na ningeshangaa kama wameutengeneza wenyewe. Lakini mtutu hauhitaji spea kesho. Magazini, springi, pini ya kupigia, kucha ya ganda, hivyo ndivyo vinavyokufa, na ndivyo vinavyobadilishwa wakandarasi kimyakimya kwa sababu ya senti chache.

Ndiyo maana nikinunua tena nitamuuliza muuzaji swali la pili kabla ya la kwanza: magazini ya ziada iko hapo kabatini? Nitoe hela niondoke nayo leo? Akiniambia "inaagizwa", najua ninachonunua. Sako na Tikka, kwa mfano, zinatoka kiwanda kimoja Riihimäki, Finland, chini ya Beretta, na mitutu yao ni ndugu. Tikka ni ya bei nafuu kwa sababu wamepunguza kwingine, kikingio cha plastiki, magazini ya plastiki. Si siri, na spea za Tikka T3 hata wa Arusha wanazo. Hapo mtu anajua alichopunguziwa.

Bei_Chee

Kwa hiyo umenigeuka.

Mkulima_wa_Tabata

Nimegeuka nusu. Bado duka lililoniambia "hii kila kitu ni kiwanda chao wenyewe" nalidai maneno yangu.

Fundi_Kereza

Mkuu usije ukapeleka hiyo magazini mtaani mtu akuchongee sikio la alumini. Nimeona hiyo tamaa inakuja. Nenda duka lenye leseni, agiza seti nzima na kikingio chake, karatasi zipite kunakotakiwa kupita.

Mkulima_wa_Tabata

Umenisoma. Nilikuwa nimeshachora hadi vipimo.

Mkulima_wa_Tabata

MREJESHO, baada ya wiki tisa.

Seti imefika leo kupitia duka jingine, lenye leseni, Mola awazidishie. Magazini mpya na kikingio chake, kwenye kifuko cha nailoni kisicho na jina la mtu. Nimefungua skrubu mbili, nimevua kikingio cha zamani, nimefunga kipya. Magazini imeingia kwa mlio mmoja safi, "tak", haichezi.

Nimeigeuza chini ya taa kama ile ya kwanza. Kwenye ubavu kuna nembo kubwa ya kampuni. Ndani, pale risasi zinapokaa, kuna duara dogo la kalibu lenye mwaka na mwezi, na jina la kampuni nyingine kabisa, ya nchi ya tatu ambayo hata kwenye uzi huu haijatajwa. Nimecheka peke yangu.

Mafuta ya kopo nimempa dereva wa bajaji. Mpira wa manati nimeurudisha kwa mwenyewe, aliyekuwa anauulizia kila siku tangu nilipouchukua. Ameutazama, ameuvuta mara mbili, akaniambia umelegea.